Asubuhi Yake Unamwogopa Nani?

Ndugu msomaji, ni nadra kupata mtu katika nyumba zetu ambaye hakupata kusimuliwa hadithi ya kutisha. Nyinyi wenzetu wa pwani mna visa vya Giningi na wachawi wake. Sisi wa Ujiji, mwisho wa njia ya zamani ya misafara, tumelala utotoni kwa hadithi za mizimu ya ziwa. Kwa hiyo sikuja kukataza vitabu vya kutisha, kwani mimi mwenyewe nimevisoma na nimevipenda. Nataka kueleza yaliyonipata kwa kitabu kimoja, kisha tupime pamoja.

Kitabu chenyewe ni Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, kilichotolewa mwaka 1977. Ni riwaya ya kijana aitwaye Gusto, ambaye baba yake, akiwa karibu na kufa, anamrithisha uchawi. Mwandishi huyu ni fundi. Hahitaji zimwi lenye pembe wala jitu la porini. Hofu yake yatoka ndani ya nyumba: mzazi aliyekulea ndiye anayekukabidhi shari, nawe huna pa kukimbilia.

Nilikisoma nikiwa kijana, usiku mmoja, kwa taa ya chemli, wenzangu wote wamelala. Hapakuwa na mwezi. Ziwani zilionekana karabai za wavuvi wa dagaa, taa nilizozizoea tangu utoto wangu wala hazijapata kunitisha. Usiku ule nilifunga dirisha nisizione.

Lakini hayo ni madogo. Jirani yetu alikuwa bibi kizee mmoja, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kubanika migebuka. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akiniitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," na mara nyingi akanipa kipande cha muhogo. Asubuhi ile nilipomwona mlangoni pake nilivuka njia nikapita upande wa pili. Akaniita, nikajifanya sikusikia. Nikaendelea hivyo siku ya pili na ya tatu, mpaka mwenyewe akaja kwa mama yangu kuuliza, "Mjukuu wangu nimemkosea nini?"

Mama aliponihoji, sikuwa na jibu ila kitabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Aliyekiandika hakumtaja bibi huyu. Umemtia wewe."

Ndugu zangu, neno lile nimeishi nalo. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipozidi tangu mwaka 2007, watoto wengi walikimbizwa makwao, na baadhi yao walipewa hifadhi katika shule ya Kabanga, Kasulu, humu humu mkoani Kigoma. Na katika vijiji vyetu miaka hii wamepita watu waitwao kamchape, wanaoingia nyumba za watu wakidai kufichua uchawi. Sisemi kwamba waliofanya hayo walisoma riwaya. Nasema kwamba dhana iliyowabeba ni ile ile niliyokuwa nayo mimi nilipovuka njia. Tofauti ilikuwa mimi nilikuwa na mama wa kuniuliza.

Wako watakaosema, basi tuwape vijana vitabu kama Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kutolewa mwaka 1960. Humo nako mna mzimu, mna maiti, na watu wanasadiki kuwa mzimu ndio ulioua. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anauliza swali baada ya swali mpaka inadhihiri kuwa ni mkono wa binadamu. Ukikifunga, humwogopi mzimu tena. Unaiogopa tamaa ya mtu. Ni kitabu kizuri, nami nakisifu. Lakini tuseme kweli: hofu yake hutatuliwa kama hesabu, na hesabu ikiisha moyo unatulia upesi. Ya Mung'ong'o hukaa na mtu. Kwa ufundi wa kutisha, mimi nampa yeye.

Tena sisi Waislamu hatuwezi kuwaambia watoto kwamba sihiri haipo kabisa, maana Qur'ani imeitaja katika Suratul Baqara, aya ya 102, na papo hapo imetufundisha kuwa haimdhuru mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuwapo kwa sihiri hakukupi ruhusa ya kumnyoshea kidole jirani. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetutaka tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Imani hizi mbili hazigombani.

Basi kipimo changu cha kitabu cha kutisha si wingi wa hofu yake. Kipimo changu ni asubuhi yake: unapoamka, unamwogopa nani? Leo vijana husoma na kutazama visa vya namna hii katika simu, peke yao, chini ya shuka. Mzazi asikimbilie kunyang'anya. Aulize swali hilo, na asikilize jibu.

Nilikwenda kumwomba radhi yule bibi. Alicheka sana, kisha akataka nimsomee kitabu chenyewe. Nikamsomea jioni kadhaa, yeye akichambua dagaa. Nilingoja aogope. Tulipofika mwisho alinyamaza kidogo, akasema, "Masikini kijana yule! Lau angekuwa na mtu wa kumwambia."

Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu kizima nisimwonee Gusto huruma hata mara moja. Bibi niliyemdhania uchawi ndiye aliyenifundisha kukisoma. Mwenyezi Mungu amrehemu.