Matundu Matano Hayatoshi

Mtu hununua bunduki ya hewa yenye nguvu, akalipia darubini nzuri na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 300, kisha akachagua risasi kwa kutazama picha ya kopo. Fedha zote zile zimewekwa chini ya mamlaka ya kitu kidogo asichokijua. Ufundi ninaousifu hapa ni wa yule anayeanzia kwenye kitu hicho kidogo, na kwa sehemu kubwa ni ufundi wa kukataa kudanganywa.

Tusiichukulie bunduki hii kama mchezo wa watoto. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria liliwapa baadhi ya askari wake bunduki ya hewa iliyobuniwa na Girandoni. Ya leo ya milimita 6.35 inaweza kuisukuma risasi ya gramu 1.645 kwa kasi ya mita 270 kwa sekunde, yaani nguvu ya joule 60 hivi. Nchini Uingereza, nguvu ikishavuka futi-pauni 12, ambazo ni joule 16 na ushei, mwenyewe anatakiwa kuwa na cheti kilekile cha bunduki ya baruti.

Risasi ya bunduki ya hewa ina kichwa, kiuno na sketi iliyo wazi nyuma. Hewa inapoipiga sketi, madini yake laini ya risasi hutanuka na kubana kuta za mtutu, hewa isipate pa kuvujia. Ikishatoka, uzito wa mbele na ukinzani wa sketi nyuma huifanya itangulize kichwa hadi mwisho wa safari. Ni umbo la akili sana, lakini lina mipaka. Msukumo ukiwa mkali kupita kiasi, sketi nyembamba huharibika, na risasi iliyosifiwa katika bunduki dhaifu huanza kutawanyika ovyo.

Hapo ndipo kasi inapowapoteza wengi. Madukani yapo makopo ya risasi za aloi nyepesi yenye tarakimu kubwa za mwendo kifuniko kizima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Risasi ikikaribia mwendo wa sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, hewa huitikisa, na umbo lile la kiuno na sketi halistahimili mtikisiko huo. Kwa hiyo mpigaji mzoefu huipunguza kasi makusudi, kwa kuongeza uzito. Bunduki ya milimita 5.5 yenye joule 40 huipa risasi ya gramu 1.03 mwendo wa mita 280 hivi kwa sekunde, na hapo hutulia. Nguvu nyingi, basi, faida yake ni kubeba uzito.

Uzito ukishajulikana, mwenye kauli ni mtutu. Viwanda kama H&N cha Ujerumani huuza risasi ya aina moja kwa vipenyo vya kichwa vinavyopishana sehemu moja ya mia ya milimita, na mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja huweza kupenda vipenyo tofauti. Ushauri wa rafiki unafaa kwa kuanzia tu.

Jaribio lenyewe linataka subira. Ukibadilisha aina, piga kadhaa za bure kwanza, maana mtutu bado una mabaki ya madini ya aina iliyotangulia. Mita 25 hupendelea karibu kila risasi. Nenda mita 50, kukiwa hakuna upepo. Usiishie kwenye matundu matano. Matano yakikusanyika vizuri humpa mtu furaha, naye hukunja karatasi akaiweka mfukoni kama ushahidi. Piga kumi, kisha kumi nyingine. Kundi la matundu haliwezi kupungua kwa kuongezewa risasi. Hubaki lilivyo au hupanuka, na katika kupanuka huko ndimo tabia halisi inamojulikana. Lile tundu moja lililokwenda pembeni nalo lipimwe. Kulifuta kwa kisingizio cha mkono kutetereka ni kuibembeleza karatasi.

Wapo wanaozimwaga risasi mezani na kuzichambua moja moja kama mchele kwenye ungo, kisha kuzipima kwa mizani midogo. Zenye sketi zilizobonyea zitupwe, hilo halina ubishi. Mizani naona imetukuzwa mno: kopo linalohitaji kupimwa punje kwa punje lingerudishwa dukani. (Na mikono ioshwe kabla ya kugusa chai; madini haya ni sumu.)

Aina moja ikishinda katika karatasi zote, tazama namba ya toleo kwenye kopo na ununue makopo ya namba hiyohiyo ya kutosha msimu mzima. Kiwanda kikibadili kalibu, jina na picha vitabaki vilevile, na itabidi ujaribu upya.