Mbuzi Hula kwa Urefu wa Kamba: Hesabu ya Kukadiria Konsoli Ijayo

Februari 20, 2013, jijini New York, Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 4, alitaja namba iliyowashtua hata waliokuwa wakiifuatilia mashine hiyo kwa karibu: gigabaiti 8 za kumbukumbu aina ya GDDR5. Makadirio mengi yalikuwa yamesimama kwenye 4. Nimeirudia hesabu ile mara nyingi, na kila nikiirudia naona kwamba waliosema 4 hawakubahatisha. Njia yao ilikuwa sahihi, na hadi leo ndiyo njia bora tuliyo nayo.

Tuifuate. Prosesa huwasiliana na kumbukumbu kupitia njia yenye upana maalumu, na ya PS4 ina upana wa biti 256. Kila chipu ya GDDR5 huchukua biti 32, au 16 iwapo chipu zitapangwa mbili mbili, moja upande wa juu wa ubao na mwenzake upande wa chini. Nafasi basi ni 8, au 16 kwa upeo. Chipu zilizozoeleka wakati ule zilibeba megabaiti 256. Zidisha kwa 16, unapata gigabaiti 4. Chipu za megabaiti 512 ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia sokoni. Sony wakazichukua, na 4 ikawa 8 bila kugusa upana wa njia. Ukitumia chipu za ukubwa mmoja, hakuna namba ya katikati. Kumbukumbu hupanda kama ngazi, na vipandio vyake viko mbali mbali.

Lakini kwa nini upana uwe 256 na si 512? Hapo ndipo anayekadiria anapaswa kuacha kuulizia nguvu na kuulizia bei. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ya konsoli ni kiasi ambacho mzazi au kijana atakubali kulipa dukani. Mhandisi hupewa bei kwanza, kisha hurudi nyuma akigawa kila dola.

PS4 iliuzwa kwa dola 399. Kampuni ya utafiti ya IHS iliifungua mashine hiyo na kukadiria kwamba vipuri na kuunganisha viligharimu dola 381. Prosesa ilikadiriwa kuwa takriban dola 100 na kumbukumbu 88, yaani vitu viwili tu vilimeza karibu nusu ya gharama yote. Dola 18 zilizobaki zingelazimika kubeba usafirishaji na faida ya mwenye duka, kazi isiyowezekana. Pengo hilo huzibwa na gemu zenyewe na ada za usajili.

Pengo lina mpaka, na PlayStation 3 ilionyesha mpaka huo ulipo. Mwaka 2006, toleo lake la gigabaiti 60 liliuzwa kwa dola 599 nchini Marekani, huku kampuni ya iSuppli ikikadiria gharama ya kulitengeneza kuwa karibu dola 840. Prosesa ya Cell na kisomeo cha Blu-ray vilikuwa vipya na ghali kwa wakati mmoja. Mnunuzi aliona bei kubwa mno, na mtengenezaji alipata hasara kwa kila boksi. Tangu hapo, ukiona tetesi inayokusanya teknolojia tatu ghali ndani ya mashine moja, ishuku.

Hesabu ya pili ni ya eneo la prosesa. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300. Prosesa ya PS4 ilikuwa na takriban milimita za mraba 350, kwa hiyo sahani moja hutoa kama 165, kabla ya kutupa zilizoharibika. Tuseme sahani inagharimu dola 5,000: kila chipu itasimama kwenye dola 30. Sahani hiyo hiyo ikifika dola 15,000, chipu moja ni dola 91. Ndiyo maana prosesa za konsoli hazivuki sana eneo hilo. Ya Xbox Series X, mwaka 2020, ilikuwa milimita za mraba 360.

Mashine hiyo ya Xbox inafundisha jambo jingine. Njia yake ina biti 320, sawa na chipu 10 za GDDR6. Chipu za gigabaiti 2 zingefikisha 20, lakini Microsoft walichanganya 6 za gigabaiti 2 na 4 za gigabaiti 1, wakaishia 16. Walihitaji kasi ya njia pana, wala hawakuwa tayari kulipia ujazo wote. PS5 ilifika 16 hizo hizo kwa chipu 8 na njia ya biti 256.

Sasa twende kwenye konsoli ijayo. Chipu za GDDR7 zenye gigabaiti 3 tayari zipo. Kwa njia ya biti 256, chipu 8 zinatoa gigabaiti 24, na zikipangwa mbili mbili zinatoa 48. Kwa kasi ya gigabiti 28 kwa kila waya, upitishaji unakuwa gigabaiti 896 kwa sekunde, mara mbili kamili ya PS5. Mimi naweka dau langu karibu na 24. Tangu mwishoni mwa 2025, vituo vya data vya akili mnemba vimepandisha sana bei ya kumbukumbu, na 48 ingekaza kamba hadi ikatike.

Jambo lililobadilika zaidi ni mwendo wa bei baada ya mauzo kuanza. PS2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000 na mwaka 2009 ikauzwa 99, kwa sababu kila kizazi cha viwanda kilipunguza chipu na gharama yake pamoja. PS5 ilianza kwa dola 499, na Agosti 2025 ikapanda hadi 549 nchini Marekani. Zamani mtengenezaji aliweza kukubali hasara ya mwaka wa kwanza akijua miaka ingemrudishia. Leo hana uhakika huo, kwa hiyo mashine lazima ijilipie mapema. Siitarajii konsoli kuu ya dola 399.

Waliosema 4 mwaka 2013 walikosea kitu kimoja tu: hawakusema kwamba jibu lao lilitegemea chipu za megabaiti 256. Basi nami naandika 24, na pembeni yake naandika masharti: njia ya biti 256, chipu za gigabaiti 3, kumbukumbu ikibaki ghali. Moja likianguka, mfute namba yangu na mhesabu upya.