Kutuni, Kuimarisha au Kunoa? Uhakiki wa Istilahi za Injini Iliyoongezewa Nguvu

Makala haya yanakusudia kuchambua istilahi chache zitumikazo katika kazi ya kuongeza uwezo wa injini ndogo za petroli. Huenda msomaji akauliza jarida la lugha lina haja gani na kabureta na pistoni. Jibu ni kwamba istilahi ya ufundi ni amri kwa mkono wa mtu. Neno likikosewa katika shairi, msomaji hukosa ladha. Likikosewa katika mwongozo wa fundi, chuma huvunjika na mwenye gari hulipa.

Chanzo cha uhakiki huu ni mswada wa tafsiri ya mwongozo wa mafundi uliopita mezani kwangu. Mtafsiri wake anakijua Kiswahili barabara: sarufi haina kasoro na sentensi zinasomeka. Nilikuwa karibu kuupitisha. Hata hivyo, niliona si haki kuzipima istilahi za gereji ofisini peke yake, nikauchukua mswada nikaenda kumsomea fundi mmoja wa magari. Nilipofika kwenye sentensi isemayo, "Injini ikinoki, chelewesha taimingi kwa nyuzi mbili," aliweka spana chini akacheka.

"Mwalimu," akaniambia, "injini ikishanoki huigusi taimingi. Unaishusha."

Maneno hayo machache yalinionyesha kosa ambalo mimi na mtafsiri, pamoja na shahada zetu, hatukuliona. Baada ya hapo niliusoma mswada upya, na haya ndiyo niliyoyaona.

1. Kunoki na kugogota

Katika gereji zetu, injini iliyonoki ni injini iliyokwisha. Beringi za konrodi zimelika, krenki imechubuka, na chuma kinagongana na chuma. Dawa yake ni kuishusha injini na kuifanyia ovaholi.

Mlio unaokusudiwa katika mwongozo ni mwingine kabisa. Petroli iliyochanganyika na hewa inatakiwa iungue kwa utaratibu, moto ukianzia kwenye plagi na kuenea hadi kwenye kuta za silinda. Iwapo mgandamizo ni mkubwa mno, au cheche imetangulia mno, au petroli ni ya okteni ndogo kuliko injini inavyohitaji, ile sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hupata joto na shinikizo la kutosha kujilipukia yenyewe. Hapo ndipo unaposikika mlio mkali wa kugongagonga, hasa gari linapopanda mlima huku dereva amekanyaga mafuta. Injini bado ni nzima. Cheche ikicheleweshwa kidogo, au ikitiwa petroli ya okteni kubwa zaidi, mlio hukoma. Ukipuuzwa, pistoni huweza kumeguka kingo au kutoboka.

Mlio huu, basi, ni onyo. Ule wa beringi ni tanzia. Mtafsiri ameviita vyote viwili kwa jina moja kwa sababu lugha aliyotafsiri kutoka kwayo nayo huviita hivyo. Lakini Kiswahili cha mafundi kimekwisha kulichukua neno kunoki na kulipa maana moja thabiti, na hatuna mamlaka ya kuwanyang'anya. Tunacho kitenzi kugogota, yaani kupiga kidogo kidogo kwa kurudiarudia, kama afanyavyo kigong'ota juu ya gogo. Napendekeza tuseme injini inagogota pale mchanganyiko unapojilipukia ndani ya silinda, na tuwaachie mafundi kunoki yao.

2. Kutuni: neno moja, kazi mbili

Mswada unatumia kutuni kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Neno hili si geni. Mtu akipeleka gari kutuniwa, anatarajia plagi zisafishwe au zibadilishwe, nafasi za valvu zipimwe, taimingi iwekwe sawa na kabureta irekebishwe. Kwa ufupi, injini inarudishwa kwenye vipimo alivyoviweka mtengenezaji.

Kazi inayoelezwa katika mwongozo ni kinyume cha hiyo. Ni kuitoa injini katika vipimo vya mtengenezaji na kuipa vingine: kuchonga uso wa chini wa silinda hedi ili mgandamizo upande, kupanua njia za hewa, kutia valvu kubwa zaidi, kubadilisha kamshafti, kuongeza kabureta, kuweka ekzosi inayopitisha moshi kwa wepesi. Kazi ya kwanza huipunguzia injini hatari. Ya pili huiongezea, na kwa hiyo hudai uangalifu wa namna nyingine. Kuziita zote kutuni ni sawa na kuita kwa neno moja kazi ya kufua shati na kazi ya kulikata upya. Kwa kuwa kutuni imekwisha kukaa mahali pake, na ibaki huko. Kazi ya pili ndiyo inayohitaji jina.

3. Kuimarisha na kunoa

Katika sura mbili mtafsiri ameuona upungufu huo, akajaribu kuimarisha injini. Jaribio hili linastahili kupongezwa kwa nia yake, lakini maana yake inapotosha. Kitu imara ni kitu kisichotikisika, kidumucho. Injini iliyoongezewa nguvu aghalabu hudumu muda mfupi zaidi isipoimarishwa pia. Mwenye gari akiambiwa kwamba injini yake imeimarishwa, ataelewa kwamba sasa inaweza kuvumilia zaidi, na ataitumia hivyo.

Historia ya injini moja ndogo itatusaidia kuziona kazi hizi mbili. Mwaka 1951 gari la Austin A30 la Uingereza lilitolewa likiwa na injini mpya ya sentimita za ujazo 803. Injini ya ukoo huohuo ilitiwa katika Morris Minor, na mwaka 1959 ikatiwa katika Mini, ikiwa na sentimita za ujazo 848 na nguvu-farasi 34. John Cooper, ambaye magari ya kampuni yake yalishinda ubingwa wa watengenezaji wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960, aliona kwamba gari hilo dogo lingeweza kukimbia zaidi. Mini Cooper ya mwaka 1961 ilirefushiwa mwendo wa pistoni hadi ujazo ukafika 997. Ilipewa kabureta mbili badala ya moja, na uwiano wa mgandamizo ukapandishwa. Nguvu yake ikawa 55. Tazama hesabu hii: ujazo uliongezeka kwa chini ya sehemu moja ya tano, bali nguvu iliongezeka kwa zaidi ya nusu. Ziada hiyo haikutokana na ukubwa wa injini. Ilitokana na wepesi wa kuvuta hewa, kuibana na kuitoa.

Lakini hawakuishia hapo. Gari lilipewa breki za diski katika magurudumu ya mbele, kwa kuwa anayeongeza mwendo bila kuongeza breki anajichimbia kaburi. Mwaka 1963 ilipotoka Cooper S, krenki yake ilitengenezwa kwa chuma kilichotiwa ugumu wa pekee ili istahimili mizunguko mingi. Magari hayo yalishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Basi kabureta mbili na mgandamizo ni kazi moja. Krenki ngumu na breki ni kazi nyingine. Ya pili ndiyo kuimarisha hasa. Watu wa Afrika Mashariki tunaielewa kutokana na mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953. Joginder Singh wa Kenya alizishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya sentimita za ujazo zipatazo 1600. Katika vumbi, mawe na matope ya maelfu ya kilomita, injini kali tu isingemfikisha popote. Gari lilihitaji kazi zote mbili, na lugha ya kulieleza inahitaji maneno yote mawili.

Kwa kazi ile ya kwanza napendekeza kunoa. Kisu kinaponolewa hupata makali, na papo hapo hupungua chuma. Silinda hedi inapochongwa hali ni hiyohiyo: faida na hasara hutoka katika tupasi moja, na hakuna wa kuurudisha unga wa chuma uliokwisha kuanguka sakafuni. Aidha watu wetu wamezoea kusema kocha anainoa timu yake, kwa hiyo neno limekwisha kutoka kwenye kisu na kuingia katika maana ya kuandaa kitu kwa ajili ya mashindano.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mitaani, aliyenoa ni aliyekosea. Hata hivyo, kunoa huko hakuna yambwa: mtu hunoa tu, hanoi kitu. Anayesema "nimeinoa injini" hawezi kueleweka kwamba amekosea, ingawa akiichonga hedi kupita kiasi huenda maana zote mbili zikamhusu.

4. Nguvu na kani ya kuzungusha

Kosa la mwisho ni la kutumia nguvu kwa kila kitu. Mswada unasema kwamba kamshafti ya mashindano "huongeza nguvu ya injini". Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kamshafti ya namna hiyo huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, na faida yake hupatikana injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Katika mizunguko michache injini hulegea. Mwenye teksi au gari la mizigo akifungiwa kamshafti hiyo, atashangaa kwamba gari "lililoongezewa nguvu" linahema kwenye mlima Kitonga.

Mafundi na madereva wanaijua tofauti hii. Husema gari lina mbio lakini halivuti. Mvuto lingekuwa neno zuri, bali fizikia imekwisha kulitwaa kwa kazi nyingine. Kwa kuwa vitabu vyetu vya sayansi vinalo neno kani, napendekeza kani ya kuzungusha kwa ule uwezo wa injini wa kukisokota chuma kinachopeleka mwendo magurudumuni, na nguvu ibaki kwa kiasi cha kazi kinachofanywa katika muda fulani, kipimwacho kwa nguvu-farasi. Hapo mwongozo utaweza kusema wazi: kamshafti hii huongeza nguvu katika mizunguko mingi, na hupunguza kani ya kuzungusha katika mizunguko michache. Mwenye teksi akisoma hivyo, ataiacha dukani.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mapendekezo ni haya: kutuni, kuirudisha injini kwenye vipimo vyake, kunoa, kuiongezea nguvu kupita vipimo hivyo, kuimarisha, kuipa uwezo wa kustahimili nguvu hiyo, kugogota, mlio wa mchanganyiko unaojilipukia, na kunoki, ibaki kama mafundi waijuavyo.

Mswada umerudishwa kwa mtafsiri pamoja na maelezo haya, nami nimekiri kwake kwamba nusura niupitishe ulivyokuwa. Sisi tunaosanifu istilahi tumezoea kuuliza kama neno linafuata ngeli na kama linatamkika. Hayo ni ya lazima. Lakini kuna swali linalotangulia: mtu akilitii neno hili, mkono wake utafanya nini? Swali hilo hujibiwa gereji, mbele ya mwenye spana. Wasomaji, hasa walio mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi, wanaombwa watuandikie iwapo katika sehemu zao maneno haya yana maana nyingine, au iwapo yapo yaliyo bora kuliko haya.