Ufundi wa Savvopoulos

Alipoyaacha masomo ya sheria mjini Thessaloniki, mwaka 1963, Dionysis Savvopoulos, mtunzi na mwimbaji wa Ugiriki, aliiendea Athens kwa kuomba lifti ya lori, na lori hilo ndilo lililokuja kuipa jina santuri yake ya kwanza, Fortigo, ya mwaka 1966. Humo hamna anasa ya ala: ni gitaa, na sauti ambayo, tukisema haki, si nzuri, lakini kijana huyo, aliyekwisha kuwasikiliza kwa makini Bob Dylan wa Marekani na Georges Brassens wa Ufaransa, alitambua kwamba mwimbaji asiyejaaliwa koo laini yampasa aimbe mfano wa asemaye, neno litangulie na mkazo wake wa mazungumzo, lahani ilifuate.

Usuli huo ungalimtosha mwenye tamaa haba. Katika Ballos, ya mwaka 1971, ambamo wimbo mmoja umeenea upande mzima wa santuri, rock haikurembwa kwa ngoma ya mashambani, kama wengine walivyozoea kuiremba, bali ilitiwa ndani ya ngoma hiyo ikalazimika kuufuata mwendo wake. Mwaka huohuo, katika klabu ya Rodeo, alimkaribisha Domna Samiou, bingwa wa nyimbo za vijijini, aimbe mbele ya vijana waliokuja kwa ajili ya magitaa ya umeme. Naye Sotiria Bellou, sauti kuu ya rebetiko, muziki wa mitaa ya mijini ya Ugiriki, Savvopoulos alimpa zeibekiko, mahadhi ya mapigo 9 ambayo sikio lililolelewa kwa mapigo 4 hujikwaa kila yanaporejea mwanzo.

Lakini hila yake iliyo bora, kwa rai yangu, ni fumbo. Makanali waliotwaa serikali mwaka 1967 walimtia kifungoni, na tungo zikawa hazitoki ila kwa idhini ya wakaguzi. Basi katika Vromiko Psomi, ya mwaka 1972, mawazo ya mfungwa anayeiwaza siku ya kutoka aliyatia kinywani mwa Demosthenes, khatibu wa Athens ya kale, mtu asiyeshitakika. Msomaji wa Muyaka, mshairi wa Mombasa aliyesifika kwa mafumbo, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Savvopoulos alifariki tarehe 21 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 80. Atakaye kumjua na aanze na Ballos, tena aisikilize mara mbili, kwani mara ya kwanza itamchosha.