Mvua, Mji na Sanaa: Mazingatio juu ya Kilumi na Majina ya Mvua katika Kitui na Makueni

Katika maandishi mengi ya mjini limo tukio moja ambalo limerudiwarudiwa hata limekuwa kama kanuni. Mtu ameamka na shughuli zake amekwisha kuzipanga: kuna wa kuonana naye, kuna soko la kwendea, kuna matembezi ya jioni. Mara mvua inashuka. Barabara zinajaa maji, magari yanakwama, miadi inavunjika. Mtu huyo, kwa kutafuta mahali pa kujikinga tu, anaingia katika jumba la makumbusho au la michezo ya kuigiza, na humo anakutana na picha au ngoma inayoigeuza siku yake. Siku iliyokwisha kupotea inakombolewa na sanaa.

Hadithi ya namna hii ina utamu wake, wala si ya uongo. Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza imejengwa juu ya msingi gani. Imejengwa juu ya dhana mbili: kwamba mvua ni kizuizi, na kwamba sanaa ni kimbilio. Makala hii yakusudia kuzipima dhana hizo kwa sanaa ya Wakamba wa Kitui na Makueni, nchi ambayo mvua huombwa zaidi kuliko inavyokimbiwa. Shabaha si kudai kwamba mji umekosea na shamba limepatia. Shabaha ni kuonyesha kwamba uhusiano wa mvua na sanaa hauwezi kuelezwa ukaelezeka na mtu anayeitazama mvua kutoka dirishani peke yake.

Mvua Inayotazamwa

Picha mbili mashuhuri zaweza kutusaidia kuanza. Mwaka 1857 Hiroshige, mchoraji wa Kijapani, alichora manyunyu ya ghafla yakilipiga daraja moja la mji wa Edo. Mvua imechorwa kwa mistari myembamba mieusi, na watu wameinama wakiharakisha kuvuka. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 1877, Gustave Caillebotte alichora njia panda ya Paris siku ya mvua. Katika picha hii tone la mvua halionekani kabisa. Kinachoonekana ni miavuli, mawe ya barabara yanayong'aa kwa umaji, na watu waliovaa vizuri wakipishana bila ya kutazamana.

Mbinu za wachoraji hawa zinatofautiana sana, lakini jambo moja lawaunganisha. Katika picha zote mbili mvua imewakuta watu wakiwa njiani kwenda kwingine. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani kwa ajili ya kuingojea. Mvua ni hali iliyoingilia shughuli, na uzuri wake unaonwa na mchoraji tu. Huo ndio mtazamo wa mji, na Nairobi imeurithi. Mkazi wa Nairobi aliyezuiliwa na masika akaingia katika makumbusho ya taifa, au katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lililofunguliwa mwaka 1952, ni ndugu wa wapita njia wa Caillebotte.

Mvua Inayongojewa

Kitui na Makueni ni nchi kame kwa sehemu kubwa. (Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992.) Misimu ya mvua ni miwili: uua, ambayo ni masika ya Machi hadi Mei, na nthwa, ambayo ni vuli ya Oktoba hadi Desemba. Msomaji aliyezoea maandishi ya pwani, ambako masika ndiyo mvua kuu, atashangaa kusikia kwamba mkulima wa Ukambani aghalabu huitegemea zaidi nthwa kuliko uua. Mito mingi huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na maji huchimbwa humo humo mchangani.

Katika mazingira kama hayo, mpango uliovunjika una maana nyingine kabisa. Siku inayoharibika ni ile ambayo mbegu zimo ardhini, mawingu yamekusanyika, kisha upepo ukayachukua. Kiswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii huchukuliwa kuwa inaeleza jambo la hakika, lakini kwa mkulima wa Kibwezi au wa Mwingi ina kejeli ndani yake, kwani dalili ameziona mara nyingi na mvua hakuiona. Kwa hiyo swali la sanaa nalo hugeuka. Swali si namna gani sanaa itamfariji aliyezuiwa na mvua. Swali ni sanaa itafanya nini mvua ikikataa.

Kilumi

Jibu moja la kale ni kilumi. Hii ni ngoma ambayo nguzo zake ni wanawake, hasa watu wazima. Huchezwa kwa ngoma ndefu na kwa nyimbo za kuitikizana. Kiongozi hutoa wito, kundi likaupokea. Ilihusiana na pepo wa wahenga, na uponyaji, na pia na kuomba mvua, sambamba na sadaka zilizotolewa katika mathembo, yaani mahali patakatifu penye miti mikubwa.

Kwa upande wa fani, mambo mawili yastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba kilumi katika asili yake hakina hadhira kwa maana ya ukumbi wa mjini. Aliyekuja amekuja kuitikia, na asiyeitikia anapunguza nguvu ya tendo lenyewe. La pili ni urudiaji. Mhakiki aliyelelewa katika shairi la kuandikwa huenda akauona urudiaji huo kuwa uchache wa maneno. Lakini maneno machache yanayorudiwa kwa muda mrefu ndiyo njia ya kuwatoa wachezaji katika hali moja na kuwatia katika nyingine. Kipimo cha wimbo hapa si wingi wa mawazo, ni mabadiliko yanayotokea kwa wanaoimba.

Ngoma hii imeumizwa na watazamaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wamisionari na wafuasi wao. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, na kwa muda mrefu wahubiri wa namna hiyo waliziona ngoma za pepo kuwa ni ushenzi wa kuachwa. Wa pili ni wapenzi wa utamaduni, ambao huisifu rangi na mdundo bila ya kuuliza ilikuwa ikiomba nini. Wa kwanza waliichukua maana wakaichukia. Wa pili waliichukua sura wakaiacha maana. Ni vigumu kusema ni nani kati yao aliyeidhuru zaidi.

Hapa yafaa kumkumbuka John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na ambaye mkusanyo wake wa ngano za Wakamba ulitoka mwaka 1966. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza dhana ya wakati. Alidai kwamba wakati ni matukio, na kwamba wakati ujao ni mfupi mno, isipokuwa kwa yale yaliyo katika mwendo wa lazima wa maumbile, kama vile misimu. Dai hili limebishaniwa sana. Lakini Ukambani wenyewe waweza kulijibu kwa njia ambayo wabishi wengi hawakuitumia. Mvua ya Kitui haiko katika zamani, wala si tukio la lazima. Ni jambo la maumbile ambalo laweza lisije. Kilumi husimama katika pengo hilo hasa: ni sanaa ya wakati ujao usio na hakika. Anayekicheza anakiri kwamba kesho ipo, na kwamba haikuahidiwa.

Majina

Jibu la pili ni la lugha, nalo ni fupi kuliko shairi lolote. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wambua, na wa kike Mumbua; aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Munyao. Wahakiki wa fasihi simulizi hupenda kuyaacha majina kwa wanaisimu, nao wanaisimu huyachambua mofimu zake wakaishia hapo. Hata hivyo jina la namna hii ni masimulizi kamili. Mtu anayeitwa Wambua atatembea na habari ya siku moja ya mvua maisha yake yote, hata akiwa karani mjini ambako mvua humkera.

Njaa nazo hupewa majina. Ile kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 huitwa Ngomanisye, jina linalofasiriwa kuwa ni ile iliyoenea kila mahali. Jina hilo linachukua sura ya maelezo: msemaji yuko nje, anaitazama njaa ikitanda nchi nzima. Katika miaka ya 1980 lilizuka jina la aina nyingine: Nikwa Ngwete, yaani, nafa hali nimeshika. Kilichoshikwa ni fedha. Chakula cha kununua hakikuwapo.

Tofauti kati ya majina haya mawili ni ya fani, lakini historia nzima imo ndani yake. Katika jina la pili msemaji ameingia katika nafsi ya kwanza. Njaa haitazamwi tena. Inasema kwa kinywa cha anayekufa. Vitenzi ni viwili tu, na vyapingana: mkono umejaa, uhai unatoka. Hakuna nomino hata moja, kwa sababu kila msikilizaji anajua ni nini kilichoshikwa. Aidha jina hilo ni hukumu juu ya uchumi. Liliwezekana tu baada ya mkulima kuambiwa kwamba fedha ndiyo kinga ya njaa. Mtungaji wake hajulikani, na yamkini hakuwa mmoja. Lakini mwalimu anayetafuta mfano wa kinaya wa kuwafundishia wanafunzi hana haja ya kwenda mbali.

Kilumi Jukwaani

Mwaka 1971 ilianzishwa Bomas of Kenya mjini Nairobi, ikiwa na ukumbi mkubwa ulioezekwa, ili ngoma za makabila zihifadhiwe na kuonyeshwa. Ngoma za Wakamba, hasa zile za sarakasi, zilipata sifa humo. Kilumi nacho kimechezwa katika mashindano ya muziki ya shule, mbele ya waamuzi wenye kalamu na saa.

Tumfikirie basi mgeni wa ile hadithi ya mjini. Mvua imemharibia safari yake, naye amekimbilia ukumbini. Anatazama ngoma ya Ukambani, moyo wake unachangamka, anasahau kwamba nje kunanyesha. Ameburudika kikweli. Lakini amejikinga na kitu kile kile ambacho bibi wa wachezaji hao waliombea kwa miguu na sauti zao. Paa linalomhifadhi limeikata ngoma na sababu yake.

Itakuwa haraka kuhitimisha kwamba jukwaa ni usaliti. Uchongaji wa Wakamba wa kuuza nje ulikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi na ujuzi alioupata kwa Wamakonde. Vinyago hivyo tangu mwanzo vilikuwa vya soko. Vyondo vya katani, vilivyosukwa na wanawake kwa mikono yao, navyo vilifika hadi Ulaya na Marekani. Sanaa hizi hazikuiita mvua, lakini zilileta fedha ya unga na ya karo mvua ilipokataa. Nazo zilikomboa siku, na zaidi ya siku. Basi anayekilaumu kilumi kwa kupanda jukwaani aeleze kwanza kwa nini hakilaumu kinyago.

Tofauti iko katika kile kinachouzwa. Kinyago hubaki kinyago mkononi mwa mnunuzi. Kilumi kikiondolewa maombi hubaki mazoezi ya viungo. Kwa hiyo jukwaa lina deni: lieleze ngoma ilikuwa ikiomba nini, na kwa nani. Maelezo ya maneno machache kabla ya onyesho hayatairudisha imani, lakini yatamzuia mtazamaji asidhani kwamba ngoma ilitungwa kwa ajili ya mchana wake.

Mpaka wa Hoja

Mtazamo wa shamba nao una hatari yake, nayo ni kuitukuza mvua kupita kiasi. Tarehe 4 Desemba 2021, katika msimu ule ule wa nthwa unaongojewa, basi lililokuwa limewachukua wanakwaya kwenda arusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, likijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mto huo ni wa msimu, na uliwachukua watu waliokuwa wakienda kuimba.

Mbele ya tukio kama hilo hadithi zote mbili hunyamaza. Sanaa haikuikomboa siku ile. Ilikuwamo ndani ya basi. Mhakiki asitafute faraja ya haraka hapo. Aseme tu kwamba baada ya maji kupungua waliobaki walipaswa kuimba tena, safari hii katika mazishi, na kwamba wimbo wa maziko haudai kuokoa chochote. Hudai kwamba waliokufa watajwe.

Hitimisho

Sanaa huweza kuiburudisha siku, kuilipia, kuiombea, kuipa jina, au kuililia. Maandishi ya mjini yameizoea kazi ya kwanza hata yakaifanya kuwa ndiyo kazi yote. Kitui na Makueni zinatukumbusha zile nyingine nne. Idara zetu zina wajibu katika jambo hili. Ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili umeipa pepo za pwani nafasi kubwa, na ni haki yake. Lakini wanafunzi wengi wa Kiswahili leo wanatoka katika nchi ambako mawingu huja na kupita. Majina yao wenyewe ni matini. Wakisomeshwa kuyasoma, wataweza kuiuliza kila kazi ya sanaa swali ambalo mpita njia mwenye mwavuli hakulazimika kuliuliza: imemkomboa nani, na kutokana na nini?