Ufundi wa Maji Yanayozunguka

Mfuga konyeza kazi yake ni maji. Mnyama mwenyewe hana mengi: hana ubongo, hana moyo, hana mfupa hata mmoja, na karibu sehemu 95 kwa 100 za mwili wake ni maji. Samaki akiwekwa kwenye tangi baya atahangaika, atapanda juu kutafuta hewa, utajua kuna jambo. Konyeza hatoi taarifa. Huenda maji yanakompeleka, na yakimpeleka pabaya huishia hapohapo.

Pabaya penyewe ni kona. Tangi la kawaida la samaki wa mapambo lina kona nne ambamo maji hulala. Konyeza akisukumwa humo hubanwa kwenye kioo mpaka mwavuli wake ukunjamane na kuchanika. Bomba la kusafishia maji nalo humnyonya. Hata pampu ya hewa, rafiki mkubwa wa samaki, kwake ni balaa: povu likinaswa chini ya mwavuli hutoboa nyama laini hadi likatokea juu. Mwaka 1968 Mjerumani Wolfgang Greve alieleza tangi la mviringo alilolibuni kwa ajili ya viumbe vidogo vya baharini, ambamo maji huzunguka polepole bila kukoma. Wafugaji wa konyeza wakaliboresha. Maji huingia yakipita mbele ya wavu wa kutokea, hivyo mkondo unaomzuia konyeza asizame ndio huohuo unaomwepusha na wavu.

Ukiwa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, habari hiyo haikushangazi. Mababu walichimba mifongo, yaani mifereji, wakatoa maji makorongoni huko juu hadi kwenye vihamba vya migomba, bila pampu wala mashine ya kupimia. Fundi wa mfongo aliuangalia mteremko kwa jicho, akauhakikisha kwa maji yenyewe. Mteremko ukiwa mkali, maji hula kingo na kubomoa. Ukilala mno, tope hutuama na mfongo ukaziba. Mwenye tangi la konyeza anautafuta mwendo wa katikati vilevile, kwa kufungua na kufunga koki. Konyeza wakirundikana chini, maji yamelegea. Wakibirukabiruka wasipate nafasi ya kupiga mwavuli, maji yamezidi. Anatazama, anagusa koki kidogo, anatazama tena. Ufundi wa aina hii hudharauliwa kwa sababu kwa mbali unafanana na kukaa bure.

Basi shule ya Marangu ikitaka konyeza darasani, ianze na chumvi. Bahari ya Tanga iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na kila lita ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Tangi la lita 100 linataka kilo tatu na nusu, wala si chumvi ya mezani, maana bahari ina pia magnesiamu, kalsiamu na vingine. Wapo konyeza wasiohitaji chumvi kabisa, nao ni wa kwetu: Richard Böhm aliwaona Ziwa Tanganyika mwaka 1883, na mwaka 1893 wakapewa jina la kitaalamu, Limnocnida tanganyicae. Wana upana wa sentimita 2 hivi. Mwingereza J.E.S. Moore alishikilia kwamba ni masalia ya bahari ya kale iliyowahi kufika huko. Hoja yake ilikuja kukataliwa, lakini ilimfikisha ziwani na vyombo vyake, na hilo si haba. Tatizo ni kwamba Kigoma ni mbali kuliko Tanga.

Mimi ningemchagua Cassiopea, konyeza wa kwenye mikoko. Huyu hulala chali kwenye tope la maji machache, minyiri juu, kwa sababu ndani ya nyama yake mna mwani mdogo mno unaotaka mwanga na kumlipa kwa chakula. Kwa kuwa haogelei sana, tangi la kawaida linamtosha, mradi mkondo uwe mpole na bomba lizibwe kwa wavu. Taa nzuri anaihitaji, na kipasha joto pia, maana Julai ya Marangu si Julai ya Tanga. Mwinuko haumwumizi sana: kwenye mita 1,400 na zaidi maji hubeba oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko maji ya pwani yenye joto lilelile, lakini konyeza huvumilia upungufu huo kuliko samaki wengi. Wanafunzi waonywe tu wasitie mikono. Akisumbuliwa hutoa ute unaowasha, kwa hiyo maji peke yake yanaweza kukuwasha bila kumgusa.

Mwani haumshibishi peke yake. Mayai makavu ya uduvi wa maji ya chumvi, yakiwekwa kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye joto, huanguliwa kwa siku moja hivi. Vitoto hivyo hunyonywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vikadondoshwa juu ya minyiri. Ukisogeza lenzi utaona vitone vya rangi ya chungwa vikinaswa kimoja kimoja, kisha vikipotelea kwenye vidomo vingi vilivyotapakaa kwenye minyiri hiyo. Kinachobaki chini kiondolewe, kisije kikaoza. Akinyimwa chakula haonekani mgonjwa. Hunywea tu, siku hadi siku, akawa konyeza mdogo.

Anayeijua kazi hii ana pia chombo cha pili, chupa isiyovutia mgeni, ambamo polipi, yaani konyeza kabla hajawa na mwavuli, wamejishika kwenye kioo. Kila polipi ni kiumbe kidogo kinachoweza kujizalisha chenyewe, na joto likipanda kikatoa konyeza mchanga, mmoja kwa zamu. Tangi kubwa likifa lote, chupa hiyo inaanza upya. Likizo ya Desemba, shule ikifungwa, mwalimu aibebe nyumbani, awalishe mara moja au mbili kwa wiki, na kesho yake abadilishe maji.