Nani Mtunzi wa Wimbo wa Msiba?

Darasani tumezoea kuuliza: mtunzi ni nani? Ukifika msibani Kyela, iwe Ipyana au Matema, swali hilo linakwama. Mama mmoja anaanzisha maombolezo kwa Kinyakyusa, wenzake wanaitikia, mara mwingine anadakia na mstari wake mwenyewe, jina la marehemu likiwamo. Mwanzilishi hakasiriki, ananyamaza, anasikiliza, kisha anaupokea mstari ule na kuuendeleza. Hapo ndipo ufundi wa kutunga pamoja ulipo: kumwachia mwenzio nafasi.

Wahakiki wetu, hata hivyo, huwatenga fanani na hadhira kama Mto Songwe unavyotenga nchi mbili. Kwa maoni yangu mgawanyo huo unawadhulumu waitikiaji. Eti wao ni hadhira tu! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua kazi ya watunzi wa pamoja. Sisi wanafasihi bado tunasitasita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunapoandika chini ya wimbo "mtunzi hajulikani", tuseme kweli: watunzi walikuwapo, tena wengi, ila hatukuwauliza.